Mnara wa kukausha ethanoli kwa saikloheksani unagoma kufikia jibu kwenye DWSIM

Mkenekaji_Mchanga ameuliza:

Habari zenu, wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa kemikali, na mradi wangu wa kumalizia shahada ni kuiga kwa kompyuta mtambo wa kukausha ethanoli inayotokana na molasesi, kuanzia spiriti yenye ethanoli asilimia 94 kwa uzito hadi ethanoli isiyo na maji, inayofaa kuchanganywa na petroli, kwa msaada wa saikloheksani, kimiminika cha jamii ya mafuta kinachotiwa ili kiyaondoe maji. Ninatumia DWSIM kwa sababu ni programu huria isiyodai leseni, na kompyuta ninayofanyia kazi ni yangu mwenyewe. Nimekwama, nami nitaeleza nilivyofika hapa hatua kwa hatua ili anayetaka kunisaidia asilazimike kubahatisha.

Mara ya kwanza nilichagua sheria ya Raoult, inayochukulia kwamba vimiminika vilivyochanganywa haviathiriani, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea darasani. Niliweka mnara wa kukenekea wenye trei 30 (sakafu za ndani ambako mvuke na kimiminika hukutana), uwiano wa rifluksi wa 3 (sehemu zinazorudishwa mnarani kwa kila sehemu moja ya bidhaa ya juu), na kanieneo la kawaida la angahewa. Hesabu ilikamilika kwa sekunde chache, ikanipa ethanoli ya asilimia 99.8 kileleni. Nilichapisha matokeo nikampelekea msimamizi wangu. Aliitazama karatasi kwa muda usiofika dakika moja, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kama hili lingewezekana, nani angenunua saikloheksani?"

Mara ya pili nilitumia modeli ya NRTL, ambayo huhesabu jinsi molekuli tofauti zinavyoathiriana. Hapo ethanoli ya juu haikuvuka asilimia 95.6 kwa uzito, hata nilipoongeza trei hadi 80 na rifluksi hadi 10. Hilo nimelielewa: ni azeotropu, mahali ambapo mvuke una muundo uleule wa kimiminika unamotoka, kwa hiyo kuchemsha zaidi hakutenganishi chochote.

Mara ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Nimeongeza saikloheksani kilo 50 kwa saa kwenye mlisho wa spiriti wa kilo 1,000 kwa saa, na nimeelekeza bidhaa ya juu iwe kilo 940 kwa saa, kwa kuwa ndicho kiasi cha ethanoli kilichomo kwenye mlisho. Parameta za NRTL za ethanoli na maji zilikuwamo tayari ndani ya programu. Za ethanoli na saikloheksani nimezinakili kutoka kwenye tasnifu moja. Za saikloheksani na maji sikuzipata, nikaziacha sifuri. Programu huzunguka mara 100 kisha husema haikufikia jibu. Nimebadilisha mbinu ya hesabu, nimebadilisha makisio ya awali ya jotoridi, nimepunguza trei, na bado. Je, tatizo liko kwenye mbinu ya hesabu, kwenye makisio yangu, au kuna jambo kubwa zaidi nisiloliona?

Mzee_wa_Mnara amejibu:

Kijana, kwanza hongera kwa kueleza vizuri, maana wengi huja hapa na sentensi moja tu, "programu imegoma", halafu tunageuzwa waganga wa ramli. Nimefanya kazi kwenye viwanda vya spiriti vinavyopakana na viwanda vya sukari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa haya uliyoandika ninaona makosa mawili ambayo hakuna mbinu ya hesabu itakayoyatibu.

La kwanza ni kwamba umeagiza ethanoli itokee juu. Katika mnara wako wa pili hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu azeotropu ya ethanoli na maji huchemka kwenye nyuzi 78.2 hivi na maji kwenye 100, kwa hiyo ethanoli hupanda na maji hushuka. Ukishatia saikloheksani mambo yanapinduka. Vitu hivi vitatu vikikutana vinafanya azeotropu ya pamoja inayochemka karibu nyuzi 62, chini kuliko kitu kingine chochote kilichomo mnarani, na hiyo ndiyo itakayopanda kileleni ikiwa imebeba maji. Ethanoli kavu, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78.3, itabaki kuwa ngumu kuvukizika kuliko azeotropu hiyo na itatokea chini. Mwalimu aliyenifundisha kazi alikiita kijenzi hiki cha tatu "msindikizaji", kwa kuwa kazi yake ni kuyasindikiza maji hadi mlangoni kisha kurudi nyumbani. Wewe umemwagiza mwenye nyumba atoke na mgeni abaki. Ndiyo maana programu inahangaika.

La pili ni kiasi cha saikloheksani. Usiiguse kompyuta kwanza, chukua karatasi. Azeotropu ya pamoja ina, kwa uzito, takriban saikloheksani asilimia 76, ethanoli asilimia 17 na maji asilimia 7. Mlisho wako una maji kilo 60 kwa saa. Ili kilo 60 za maji zipande zikiwa asilimia 7 ya mvuke wa juu, mvuke huo unapaswa kuwa 60 gawanya kwa 0.07, yaani kilo 857 hivi kwa saa. Ndani yake saikloheksani ni kilo 650 na ethanoli ni kilo 146. Wewe umeweka saikloheksani kilo 50. Kilo 50 zinaweza kusindikiza maji kilo nne na ushei tu, na zaidi ya kilo 55 zilizobaki hazina njia ila kushuka chini pamoja na ethanoli yako.

Na hesabu hiyo bado ni ya chini, kwa sababu tabaka la mafuta, yaani lile lenye saikloheksani, linaporudishwa mnarani hurudi na maji kidogo, ambayo nayo yanahitaji kusindikizwa upya. Usishtuke ukiona inafika kilo 700 au zaidi. Saikloheksani hiyo hainunuliwi kila saa. Ni ileile inazunguka. Inapanda, inapozwa, inajitenga na maji kwenye tangi la kutenganishia, inarudi juu ya mnara. Unachonunua ni kile kidogo kinachopotea na bidhaa na maji taka. Katika mchoro wako inaonekana umeichukua saikloheksani kama chumvi inayotiwa mchuzini mara moja ikaisha, kumbe ni kama sufuria yenyewe.

Rekebisha hayo mawili kisha uturudie. Mengine ya modeli nawaachia vijana.

Tau_Moja_Mbili amejibu:

Naafikiana na Mzee kwa yote, ila kuna jambo la tatu ambalo lingekukwamisha hata kama mnara ungeupanga vizuri, nalo limo katika sentensi yako uliyoipitisha haraka: "nikaziacha sifuri".

Katika NRTL, iliyotungwa na Renon na Prausnitz mwaka 1968, kila jozi ya vijenzi ina parameta mbili za nishati na moja ya mpangilio ambayo kwa kawaida huwa kati ya 0.2 na 0.47. Parameta za nishati zikiwa sifuri, modeli haisemi "sijui". Inasema jozi hiyo inachanganyika kikamilifu kama vile ni ndugu. Kwa hiyo umeiambia programu kwamba saikloheksani na maji ni kimiminika kimoja, wakati mtu yeyote aliyewahi kumwaga vitu hivyo kwenye chupa moja ameona vinakaa tabaka mbili. Tangi lako la kutenganishia halitakuwa na cha kutenganisha, na azeotropu ya pamoja ya nyuzi 62 haitakuwapo kabisa ndani ya kompyuta yako.

Sasa hizo ulizonakili kwenye tasnifu. Tazama vipimo vyake. DWSIM hudai parameta za nishati za NRTL kwa kalori kwa moli, lakini tasnifu nyingi, hasa zilizofanywa kwa programu ya Aspen Plus, huandika kwa kelvini, kwa sababu humo tau, namba inayoingia kwenye hesabu ya NRTL, hupatikana kwa kugawanya parameta kwa jotoridi moja kwa moja. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili ni kiwango cha gesi, yaani 1.987. Mtego uko hapo: ukibandika namba ya kelvini kwenye kisanduku cha kalori, utapata tau ambayo ni nusu tu ya ile halisi. Kosa la mara elfu lingekupigia kelele lenyewe. Kosa la mara mbili hukaa kimya, grafu inapendeza, na matokeo yanakaribia ukweli kiasi cha kukudanganya. Angalia pia mpangilio wa vijenzi, maana namba ya kwanza kwenye tasnifu inaweza kuwa ya ethanoli kwenda saikloheksani, na kwenye programu yako saikloheksani ndiyo ikawa imeorodheshwa kwanza.

Kabla ya kuuweka mnara wowote, chora michoro ya jotoridi dhidi ya muundo kwa kila jozi katika kanieneo la kilopaskali 101.3, kisha linganisha na vitu vinavyojulikana. Ethanoli na maji: azeotropu kwenye nyuzi 78.2 hivi, na ethanoli 0.894 kwa sehemu ya moli. Ethanoli na saikloheksani: karibu nyuzi 65, ethanoli ikiwa karibu asilimia 30 kwa uzito. Saikloheksani na maji: karibu nyuzi 69.5, na tabaka mbili. Jozi moja ikikosea usiendelee.

Jozi ya kwanza unaweza kuihakiki hata bila mchoro. Kwenye azeotropu mvuke na kimiminika vina muundo mmoja, kwa hiyo koefisienti ya utendi ya kila kijenzi, yaani kipimo cha jinsi kinavyokengeuka sheria ya Raoult, ni kanieneo lote gawanya kwa kanieneo la mvuke wa kijenzi hicho kikiwa safi. Kwenye nyuzi 78.2 ethanoli safi ina kilopaskali 100.6 hivi, na maji safi 44 hivi. Basi koefisienti ya ethanoli ni karibu 1.01 na ya maji ni karibu 2.3. Iombe programu ikuonyeshe koefisienti zake kwenye muundo huo. Ukiona 1 na 1, umerudi kwa Raoult bila kujua. Na hiyo 2.3 ndiyo kisa kizima cha mradi wako: maji machache yaliyozungukwa na ethanoli nyingi yana haraka ya kuwa mvuke zaidi ya mara mbili ya vile yangekuwa peke yake, ndiyo maana hayakubali kubaki nyuma.

Binti_Maabara amejibu:

Kwa jozi inayokosekana, kwa nini asitumie UNIFAC tu na kuachana na kutafuta parameta? Inagawanya molekuli katika vikundi vya atomi na kukisia yenyewe, na DWSIM inayo, pamoja na toleo lililoboreshwa la Dortmund. Mimi niliitumia kwenye mradi wangu wa asetoni na nikafaulu.

Tau_Moja_Mbili amejibu:

Dada, ninaikubali UNIFAC kama ngazi ya kupandia, lakini si kama nyumba ya kuishi. Ikiwa data ya maabara ya jozi imeshapimwa, kama ilivyo kwa ethanoli na maji, kukisia kwa vikundi ni kuacha kisima ukachota dimbwini. Kwa jozi isiyo na data ni sawa, na DWSIM yenyewe inaweza kukisia parameta za NRTL kutokana na UNIFAC, jambo ambalo ndilo ningemshauri kwa saikloheksani na maji.

Kuna hatari moja, hata hivyo. Jedwali la kawaida la UNIFAC lilitengenezwa kwa ajili ya msawazo wa mvuke na kimiminika. Kwa msawazo wa vimiminika viwili lipo jedwali tofauti, la mwaka 1981, kwa sababu namba zinazofaa kwa mvuke hazikutoa tabaka sahihi. Mtambo huu unahitaji vyote viwili: mvuke ndani ya mnara kwenye nyuzi 62 hadi 78, na tabaka mbili ndani ya tangi lililopozwa hadi 30 au 40. Ndiyo maana wengi huuwekea mnara seti moja ya parameta na tangi seti nyingine. DWSIM inaruhusu kila kifaa kipewe kifurushi chake cha thermodinamiki. Na iwapo mtu atakushauri modeli ya Wilson, ikatae hapohapo. Ni nzuri sana kwa ethanoli na maji, lakini kwa umbo lake la kihesabu haiwezi kuonyesha tabaka mbili, hata uilishe parameta gani.

Binti_Maabara amejibu:

Nimekubali. Asetoni na maji havitengani tabaka, ndiyo maana sikuliona hilo.

Mkenekaji_Mchanga amejibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimefanya kazi siku tatu kabla ya kurudi ili nisije na maneno matupu.

Ni kweli, parameta za tasnifu zilikuwa kwa kelvini. Nilichora ethanoli na saikloheksani kama nilivyokuwa nimeziweka, na azeotropu ikatokea karibu nyuzi 72. Mchoro ulikuwa mzuri kabisa, wenye tumbo lake na kila kitu, nisingeshtuka. Nilipozidisha kwa 1.987 ikashuka hadi chini kidogo ya 65. Kwa saikloheksani na maji nimekisia kwa UNIFAC, na sasa mchoro una ule mstari ulionyooka wa tabaka mbili kwenye nyuzi 69 na kitu. Koefisienti ya maji kwenye azeotropu yake na ethanoli imetoka 2.3, nami nimeibandika kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti.

Mnara nimeupanga upya: bidhaa ya chini ndiyo ethanoli, kondensa nimeiondoa, mvuke wa juu unakwenda kwenye kipoza, kisha tangi la kutenganishia, na tabaka la juu linarudi kwenye trei ya kwanza. Ukurasa wote umekuwa wa kijani mpaka pale ninapounganisha marejeo, yaani mkondo wa tabaka hilo linalorudi mnarani. Nikiunganisha, hesabu inazunguka bila mwisho: saikloheksani inaongezeka kila mzunguko, kilo 700, 900, 1,400, kisha inaanguka.

Mzee_wa_Mnara amejibu:

Marahaba, mwanangu. Sasa uko kwenye ugonjwa wa kawaida, na dawa yake tunaijua.

Kata marejeo. Mahali pa tabaka linalorudi, weka mkondo ulioubuni mwenyewe: saikloheksani kilo 680, na ethanoli na maji kidogo kidogo kama yanavyotoka kwenye tangi lako sasa hivi. Uendeshe mnara ukiwa wazi hivyo. Ukikamilika, soma kinachotoka tangini na ukilinganishe na ulichobuni. Nakili kilichotoka, weka mahali pa ulichobuni, endesha tena. Fanya hivyo kwa mkono mara nne au tano hadi tofauti iwe ndogo, ndipo uunganishe. Programu ikikuta mikondo miwili inayofanana haina sababu ya kukimbia. Nimewaona vijana wakipoteza wiki nzima wakibadilisha kiharakishi cha hesabu, kumbe kazi ilikuwa ya alasiri moja.

Kuongezeka kila mzunguko nako kuna sababu. Umeacha mkondo wa saikloheksani mpya uwe na kiasi ulichokiandika wewe, wakati hakuna mahali inapotoka kwa kiasi hichohicho. Ukiingiza kilo 5 kila saa na zinazotoka ni nusu kilo, kompyuta lazima ijaze ghala. Kiasi cha saikloheksani mpya kisiandikwe. Kipatikane kwa kujumlisha inayotoka na ethanoli na inayotoka na maji. Na tabaka la maji usilimwage. Lina ethanoli nyingi ajabu, kwa sababu ethanoli hupenda maji kuliko inavyopenda mafuta. Hilo linakwenda kwenye mnara wa pili, maji yanatoka chini, na cha juu kinarudi kwenye mnara wa kwanza. Ukiusahau mnara wa pili, utakuwa umekausha ethanoli na kuimwaga nyingine mtaroni.

Jambo moja la kiwandani ambalo halimo vitabuni sana. Usitegemee jotoridi la chini ya mnara likuambie kama ethanoli imekauka. Ethanoli safi huchemka kwenye 78.3, na ile yenye maji ya azeotropu kwenye 78.2, kipimajoto cha kiwandani hakioni tofauti hiyo. Lakini saikloheksani ikishuka chini kuliko inavyopaswa, jotoridi la trei za chini linaanguka kuelekea 65, na hilo utaliona hata kwa kipimajoto cha duka. Kwa hiyo chora jotoridi la kila trei. Unapaswa kuona ngazi: juu karibu 62, chini karibu 78, na katikati pahali linapopanda ghafla ndani ya trei chache. Opereta mzuri huilinda ngazi hiyo isitembee. Ikipanda juu sana, maji yanapita. Ikishuka chini sana, saikloheksani inapita.

Mkaa_Juu amejibu:

Nyongeza fupi kutoka Nairobi. Angalieni kanieneo mliloweka. Programu huanza na paskali 101,325, ambalo ni la usawa wa bahari. Hapa kwetu, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, hewa ina kilopaskali 83 hivi, na ethanoli safi huchemka karibu nyuzi 73. Kama kiwanda unachokiiga kiko mwambao, huna neno. Kama kiko bara kwenye miinuko na mnara umefunguliwa kwa hewa, kila jotoridi utakaloandika litapingwa na kipimajoto.

Mtafiti_wa_Mipaka amejibu:

Naomba niongeze jambo ambalo msimamizi wako anaweza kukuuliza siku ya utetezi. Mnara wa aina hii unaweza kuwa na majibu zaidi ya moja kwa maagizo yaleyale. Magnussen, Michelsen na Fredenslund walilionyesha mwaka 1979 kwa ethanoli, maji na benzeni: trei zilezile, mlisho uleule, rifluksi ileile, lakini jibu moja lina ethanoli safi chini na jingine lina ethanoli yenye maji. Jibu utakalofikia linategemea ulipoanzia. Kwa hiyo, ukishapata jibu moja, anza tena kwa makisio tofauti kabisa, mathalani kwa kudhani trei zote zimejaa saikloheksani, kisha kwa kudhani haimo kabisa chini ya mlisho. Ukirudi mahali pamoja mara zote mbili, andika hivyo. Ukifika mahali pawili, hapo ndipo utakuwa na sura ya kuvutia zaidi katika ripoti yako.

Sababu inaonekana vizuri ukichora pembetatu ya vijenzi vitatu. Azeotropu nne, tatu za jozi na moja ya pamoja, zinaunganishwa na mipaka inayoigawa pembetatu kuwa maeneo matatu, moja la ethanoli, moja la maji, moja la saikloheksani. Mnara wa kawaida hauvuki mpaka: ukianzia eneo la ethanoli, chini utapata ethanoli, ukianzia eneo la maji, chini utapata maji, hata uombe nini. Kinachouvuka mpaka ni tangi la kutenganishia, kwa sababu tabaka zake mbili huangukia pande mbili tofauti. Jumlisha milisho yote ya mnara wa kwanza, uweke nukta yake kwenye pembetatu, uone imeangukia upande gani. Spiriti ya asilimia 94 ikichanganywa na saikloheksani ya kutosha itakuwa salama, lakini ukijaribu kulisha spiriti ya asilimia 80 moja kwa moja uko hatarini.

Kwa wanaouliza kwa nini si benzeni, ambayo Sydney Young aliitumia mwaka 1902 na ikatawala viwandani kwa miongo mingi: inasababisha saratani, basi. Azeotropu yake ya pamoja inafanana sana na hii yetu, karibu nyuzi 65. Viwanda vingi vipya havitumii hata saikloheksani. Hutumia zeolaiti yenye vitundu vya angstromu 3, vinavyopitisha molekuli ya maji na kuizuia ya ethanoli. Lakini huo ni mradi mwingine, na hauna mnara.

Mkenekaji_Mchanga amejibu:

Imekubali. Nilinakili kwa mkono mara sita, Mzee, si mara tano, kisha nikaunganisha na ikatulia baada ya mizunguko minane. Saikloheksani inayozunguka ni kilo 728 kwa saa, na mpya inayoingia haifiki kilo moja. Juu ni nyuzi 62.4. Ethanoli ya chini ni asilimia 99.7 kwa uzito. Ngazi ya jotoridi iko kati ya trei ya 17 na ya 21.

Nimejaribu makisio mawili kama alivyoshauri Mtafiti_wa_Mipaka. La kwanza limerudi palepale. La pili limetulia mahali pengine, ethanoli asilimia 97.1 na ngazi ya jotoridi imepanda hadi trei ya 6. Nimelirudia mara tatu nikidhani nimekosea kuandika, na limetoka vilevile. Kabla sijaandika kwamba ni majibu mawili, kuna kitu kingine cha kuhakiki?

Mtafiti_wa_Mipaka amejibu:

Kipo. Punguza kiwango cha makosa kinachokubaliwa na programu mara elfu, kisha endesha jibu la pili ukianzia pale lilipotulia. Jibu la uongo litaanza kutembea tena. Likisimama, hakiki mizani ya maji ya mnara mzima kwa mkono, kilo zinazoingia na kilo zinazotoka, kwenye minara yote miwili. Vilevile hakikisha kwamba maagizo yote mawili ni yaleyale kweli: uwe umeagiza kiasi cha marejeo na joto la riboila (kichemshio cha chini ya mnara), si usafi wa bidhaa, kwa sababu ukiagiza usafi umelikataza jibu la pili lisitokee.

Mkenekaji_Mchanga amejibu:

Nimepunguza makosa mara elfu na limesimama. Maji yanayoingia ni kilo 60.0. Yanayotoka chini ya mnara wa kwanza ni 27.7, na chini ya wa pili 32.3. Namwandikia msimamizi usiku huu.